Kuipima Mark X kabla hujalipa: umbo, starehe na mbio

Toyota Mark X ilianza kuuzwa Japani Novemba 2004 ikichukua nafasi ya Mark II, na ya mwisho ikatoka kiwandani Desemba 2019. Zilizojaa yadi za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi siku hizi ni za toleo la pili, lililoanza Oktoba 2009. Jina peke yake halikuambii gari likoje. Kuna ya lita 2.5 inayotembea kwa utulivu juu ya rimu za inchi 16, kuna ya lita 3.5 yenye kasi ya kutisha, na kuna ile iliyokatwa springi ili ionekane imelala chini. Zote tatu zina nembo ileile puani, na wauzaji wengi watakutajia bei kama kwamba ni gari moja.

Jipe nusu siku nzima, uanze asubuhi. Mwambie mwenye gari mapema kwamba asiliwashe kabla hujafika. Beba tochi, kipima presha ya tairi, kipimajoto cha jikoni, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini, na kifaa cha kusoma makosa ya injini kinachoelewa magari ya soko la Japani.

Namba ya chasisi kwanza

Linganisha namba ya kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye bodi. GRX130 ni ya lita 2.5 inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. GRX133 ni ya lita 3.5. GRX135 ni ya 2.5 yenye kuvuta kwa magurudumu manne. Namba zikianza na GRX120, 121 au 125, hilo ni toleo la kwanza, hata likiwa limevalishwa bampa na taa za toleo la pili.

Injini ya 2.5 inaitwa 4GR-FSE, ni V6, na katika GRX130 inatoa nguvu farasi 203. Kwenye GRX120 injini hiyohiyo ilitoa 215, ila ilitaka petroli ya oktani ya juu. Toleo la pili lilirekebishwa linywe petroli ya kawaida ya Japani. Kwa mafuta ya vituo vyetu, 203 hizo ndizo zenye faida. Ya 3.5 ni 2GR-FSE, nguvu farasi 318, nayo bado inataka oktani ya juu. Ukiinunua ukae mji ambao petroli hiyo haipatikani, umelipia nguvu ambazo injini itajinyima yenyewe ili isigonge.

Kama gari limetoka Japani karibuni, omba karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari mnadani Japani. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri. R au RA maana yake gari liliwahi kugongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. A1 nyingi, yaani mikwaruzo midogo, si shida. XX kwenye boneti na W kwenye mbavu (bati la juu ya tairi la mbele) ni hadithi ya ajali, hata kama daraja lililoandikwa ni 4. Cheti cha kusafirisha gari kutoka Japani nacho huonyesha kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi. Odomita ikisoma chini ya hapo, hakuna maelezo mengine ya kusikiliza.

Umbo: unachokiona na kilichofichwa

Toleo la pili lilipoanza lilikuwa na urefu wa milimita 4,730, upana 1,795 na kimo 1,435, na kati ya ekseli na ekseli kuna 2,850. Soma tarakimu hiyo ya mwisho kwa makini. Ndiyo inayoipa Mark X ule mwonekano wa boneti ndefu na magurudumu yaliyosukumwa pembeni, ndiyo inayomnyooshea abiria wa nyuma miguu, na ndiyo inayofanya tumbo likwaruze matuta. Mwaka 2012 sura ya mbele ilibadilishwa, ikabadilishwa tena 2016. Kwa macho, la 2016 linavutia zaidi, lakini injini zake ni zilezile, kwa hiyo usilipe tofauti kubwa ya bei kwa ajili ya bampa.

Simama hatua tano mbele ya gari, uchuchumae. Nafasi kati ya boneti na mbavu ya kushoto ilingane na ya kulia. Pita pembeni ukitazama mwanga unavyoteleza kwenye milango. Palipopigwa puti (lipu ya kusawazisha bati lililobonyea) mwanga hujikunja. Sumaku iliyofungwa kitambaa itashika kwa nguvu kwenye bati, na italegea au kuanguka palipo na puti nene. Fungua boneti utazame vichwa vya bolti zinazoshika mbavu na bawaba. Rangi iliyobanduka kwenye kona za bolti maana yake spana imepita hapo. Kwenye buti nyanyua zulia na tairi la akiba: sakafu ya pale iwe laini, isiwe na mikunjo wala silikoni iliyopakwa kwa kidole.

Sasa tairi, maana hapa ndipo umbo na starehe zinapogombana.

Ya kawaida, 250G, ilitoka na tairi 215/60R16. Zile za S, za kispoti, zilitoka na 235/45R18. Ukipiga hesabu, kipenyo cha nje ni karibu sawa, milimita 664 na 669. Kinachobadilika ni kimo cha mpira kati ya rimu na lami: milimita 129 kwenye za 16, 106 kwenye za 18. Umepoteza zaidi ya sentimita mbili za mpira unaonyonya mashimo. Wanaoweka 245/35R19 hubaki na milimita 86 hivi. Kwenye lami nzuri gari hilo litakata kona safi. Kwenye njia ya vumbi yenye mawimbi, utakuwa mteja wa kudumu wa fundi wa kunyoosha rimu.

Soma tarakimu nne za mwisho za DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye miaka zaidi ya sita limekauka hata kama meno yamejaa, na gari lenye tairi kavu haliwezi kupimwa vizuri barabarani, kwa sababu kelele na utelezi utakaousikia si vya gari. Kisha ingiza mkono upapase upande wa ndani wa tairi za nyuma. Zikiwa zimelika ndani huku nje zina meno, gari limeshushwa au mikono ya chuma inayoshika magurudumu ya nyuma imepinda.

Kujua kama springi zimekatwa, usihangaike kupima urefu. Mulika tochi kwenye mwisho wa koili. Springi ya kiwandani huishia kwa ncha iliyopakwa rangi sawa na sehemu nyingine. Iliyokatwa ina uso bapa, hauna rangi, na mara nyingi kutu imeanzia hapohapo. Gari la namna hiyo hugonga hadi mwisho wa shokapu kila shimo, likaua shokapu, kisha bushi, kisha mpira wa juu wa shokapu. Kurudisha kunawezekana, lakini hesabu springi nne na shokapu nne, halafu uzitoe kwenye bei.

Injini ikiwa baridi

Gusa bomba la juu la rejeta kabla ya kuwasha. Likiwa na joto, limewashwa kabla hujafika; rudi siku nyingine.

Vuta kijiti cha oili. Injini ya 2.5 hubeba lita 6.3 pamoja na filta, na gereji nyingi huweka galoni moja ya lita nne na kijilita kimoja juu, basi. Ndiyo maana Mark X nyingi huonekana "zinakula oili" wakati zilianza na upungufu. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, kuna mtu hajali, na mnyororo wa taimingi ndio unaolipa. Tope la rangi ya maziwa kwenye kifuniko cha oili ni sababu ya kuondoka.

Tazama maji ya rejeta kwenye chupa yake. Yanatakiwa yawe kulenti ya pinki. Maji ya bomba yenye rangi ya kutu yanamaanisha injini iliwahi kuchemsha, au itachemsha. Kwenye familia hii ya injini pampu ya maji huvuja ikizeeka. Dalili yake ni ukoko wa pinki uliokauka chini ya pampu, mbele ya injini. Ukoko mwembamba unamaanisha pampu inakaribia kubadilishwa, haimaanishi ulikimbie gari.

Washa sasa, ukiwa umesimama nje mlango wazi, mtu mwingine akibonyeza. Kukwaruza kwa chuma kwa sekunde moja au mbili kisha kunyamaza hutoka kwenye gia za VVT-i (mfumo unaorekebisha muda wa valvu kufunguka) zinazosubiri oili. Kukiendelea zaidi ya hapo, kazi ya mnyororo ni ghali. Tiki-tiki nyepesi ya haraka isiyokoma ni nozeli za petroli za presha kubwa. Hiyo ni sauti yake ya kawaida, na mafundi wasioizoea hukimbilia kusema valvu zinagonga.

Ikipata moto, mzunguko ushuke ukae kati ya 600 na 750 kwa dakika. Weka mkono kwenye kiti cha abiria. V6 hii ikiwa nzima hutikisika kidogo sana, utahisi kama hakuna kitu. Ikitetema kwa kurukaruka, kuna mambo mawili ya kuwaza: koili ya plagi ya silinda moja imekufa, kazi ya nusu saa, au valvu za kuingiza hewa zimejaa masizi.

La masizi linahitaji maelezo kidogo, kwa sababu watu hupoteza pesa hapa. Injini ya 4GR-FSE hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwenye injini za zamani petroli hupita juu ya valvu na kuziosha; hapa haipiti. Mvuke wa oili unaorudishwa kwenye hewa huganda mgongoni mwa valvu, mwaka hadi mwaka, hadi hewa ikapita kwa shida. Matokeo ni kutetema asubuhi, uvivu wa kuondoka na ulaji wa mafuta. Dawa za kumimina kwenye tangi hazisaidii, kwani petroli haifiki kwenye uchafu huo. Tiba ni kufungua manifoldi ya hewa na kusafisha valvu zenyewe, moja baada ya moja, silinda sita. Ya 3.5 ina nozeli za ziada zinazopuliza kabla ya valvu, kwa hiyo tatizo hili haliisumbui sana.

Moshi: wa buluu ni oili, mweusi ni petroli iliyozidi, mweupe mzito wenye harufu tamu usioisha injini ikishapata moto ni kulenti inayoungua. Mvuke mwepesi wa asubuhi usikutishe.

Starehe

Pima ukiwa umekaa, sio kwa kugusa ngozi na kusifia. Weka kiti cha dereva unavyoendesha kweli, kisha toka uende kukaa nyuma ya kiti hichohicho. Magoti yabaki na nafasi. Kaa pia katikati: pale chini kuna mgongo mkubwa unaopitisha propela shafti (fimbo inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma), na abiria wa tano atasafiri miguu panda. Familia ya watu watano ikienda Moshi kutoka Dar kila Krismasi ijue hilo mapema. Kwa wanne, ni gari la kusafiria kwelikweli.

Kiyoyozi kiwashe hadi mwisho wa baridi, feni nusu, madirisha yamefungwa, dakika kumi, kisha chomeka kipimajoto kwenye tundu la kati. Nyuzi 5 hadi 10 ni nzuri. Kwenye jua la Dar, 12 inavumilika. Inayopoa ikitembea na kupata joto ikisimama, tazama feni ya rejeta kabla hujaambiwa gesi imeisha. Pima upande wa dereva na wa abiria, kila mmoja una marekebisho yake.

Redio nyingi zilizokuja nazo husoma FM kuanzia 76 hadi 90 tu na hudai kadi ya ramani ya Japani. Betri ikitolewa, baadhi hujifunga na kuomba namba ya siri. Kama redio inafanya kazi leo, uliza kama iliwahi kufunguliwa. Uliza pia funguo za pili. Gari lisilotumia ufunguo wa kuchomeka likibaki na rimoti moja, siku ikipotea ni gharama.

Barabarani

Weka presha kwanza kama ilivyoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Chagua njia ya kilomita 15 hadi 20 yenye lami nzuri, matuta, kipande cha vumbi na mlima mmoja. Zima redio.

Ukiwasha swichi bila kuwasha injini, taa za ABS, VSC (mfumo wa kuzuia gari lisiteleze) na mkoba wa hewa lazima ziwake, kisha zizime. Isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayobaki ikiwaka, maana mtu ameitoa makusudi ili usijue.

Toka N kwenda D: ishike ndani ya sekunde moja bila kugonga. Giaboksi ya gia sita ya gari hili haina kijiti cha kupimia oili. Hutumia oili ya Toyota aina ya WS, na kiwango hupimwa gari likiwa juu, kwa tundu la kufurikia, oili ikiwa kwenye joto maalumu. Fundi akikuambia "ameongeza kidogo" kwa makadirio, hofia. Dalili ya oili iliyochoka au isiyo yake: ukitembea kilomita 50 hadi 70 kwa saa ukikanyaga mafuta kidogo tu, gari linatetemeka kama linapita juu ya mawe madogo.

Mashimo na matuta vuka kwa kilomita 10 hadi 15, madirisha wazi. "Kogo" moja nzito mbele ni bushi au bolijointi za mikono ya chini. Kelele ya chuma nyepesi inayorudiarudia ni linki za stabilaiza, kitu cha bei ndogo. Gari likiendelea kuyumba mara mbili tatu baada ya tuta, shokapu zimekwisha. Kisha pakia watu wanne urudie tuta refu kuliko yote. Nafasi ya chini ni sentimita 15 hivi kwa gari la kiwandani, na linaloguza kwa watu wanne litaguza kila siku.

Usukani ni wa umeme, usitafute chupa ya oili ya stelingi. Kwenye lami iliyonyooka kwa 80, achia mikono kidogo; litembee sawa. Usukani ukitetema kati ya 80 na 110, anza na balansi na rimu iliyopinda. Mtetemo ukija mgongoni, kwenye sakafu, hasa unapokanyaga mafuta, tazama beringi ya kati ya propela shafti.

Kuhusu nguvu yenyewe. Ya 2.5 hufikia kilele cha kuvuta kwenye mizunguko 4,800, juu kabisa, kwa hiyo ukikanyaga nusu ukiwa gia ya sita usitegemee miujiza. Kwenye kipande kitupu na salama, kutoka 60 kanyaga hadi chini: giaboksi ishuke gia mbili bila kusita, sindano iruke juu ya 4,000, na gari livute kwa mstari mmoja hadi 100 bila kukatika. Kusita katikati ni koili, pampu ya presha au masizi. Kutoka 0 hadi 100, 2.5 nzima huchukua takriban sekunde 8 hadi 9 usawa wa bahari.

Maneno hayo ya usawa wa bahari yana uzito. Injini isiyo na tabo (turbo, ya kusukumia hewa) hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Gari lililokuwa likiruka Mombasa, Nairobi kwenye mita 1,700 limebaki na farasi kama 168. Usimlaumu muuzaji kwa hilo, na usilinganishe Mark X ya Arusha na uliyowahi kuijaribu Tanga.

Breki: kutoka 80 hadi 20, kwa nguvu, mara tatu. Usukani ukitikisika, diski zimepinda. Gari likivuta upande, kalipa imekwama. Ukisimama sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa, yenye joto kupita wenzake ndiyo yenyewe. VSC usiizime kamwe kwenye majaribio, hasa ya 3.5 na hasa lami ikiwa na maji. Sifa mbaya ya Mark X kwenye kona imetokana zaidi na magurudumu ya nyuma yenye nguvu, tairi zilizokauka na kitufe cha kuzima VSC kubonyezwa.

Mafuta jaza hadi pampu ikate, tembea, jaza tena pampu ileile, gawanya kilomita kwa lita. Ya 2.5 ikitoa 7 hadi 9 mjini na 10 hadi 13 safari ndefu, iko sawa. Sindano na kompyuta ya dashibodi ziache.

Mwisho, kifaa

Chomeka kifaa cha kusoma makosa baada ya safari, injini ikiwa moto. P0301 hadi P0306 hutaja silinda isiyowaka, tarakimu ya mwisho ndiyo namba ya silinda. P0420 ni katalitiki (kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la moshi) iliyochoka au iliyokatwa. Usifurahie skrini safi upesi. Fungua ukurasa wa vipimo vya utayari: gari ambalo makosa yake yalifutwa jana litaonyesha vipimo vingi havijakamilika, ingawa taa ya injini imezima. Ukikuta hivyo, hakuna haja ya kugombana. Mwambie mwenye gari alitumie siku tatu nne kama kawaida, mjini na barabara kuu, bila kutoa betri, kisha mkutane tena na kifaa kilekile.